Nyumba kuukuu za mashambani Ufaransa: Bei ndogo mlangoni, gharama kubwa ndani

KATIKA vijiji vya Limousin, Bretagne na Dordogne nchini Ufaransa, nyumba ya mawe yenye ghala, zizi, kisima na bustani huweza kuuzwa kwa bei ambayo jijini Paris haitoshi kununua hata chumba kimoja cha kulala. Wakati mita moja ya mraba ya makazi jijini humo huuzwa kwa zaidi ya euro 9,000, huko mashambani zipo nyumba nzima zinazotafuta mnunuzi kwa euro 50,000 au chini ya hapo.

Tofauti hiyo imewavuta maelfu ya wanunuzi kutoka nje, hasa Uingereza, Uholanzi na Ubelgiji, kwa zaidi ya nusu karne. Wengine wamefufua nyumba zilizokuwa zikianguka na sasa zinawapatia kipato. Wengine wamemaliza akiba ya maisha yao kabla paa halijakamilika, wakauza kwa hasara kuta walizozinunua kwa furaha.

Kilichowatofautisha mara nyingi si utajiri. Ni hesabu waliyoipiga kabla ya kutia saini, na utaratibu waliofuata baada ya kukabidhiwa funguo. Hesabu hiyo inamhusu kila anayefikiria kununua jengo kuukuu popote pale, liwe ghala la mazao, duka la mtaani au nyumba ya urithi.

Kwa nini zimebaki tupu

Nyumba hizi hazikujengwa ziwe za kupumzikia. Zilikuwa nyumba za wakulima. Watu walilala upande mmoja, ng'ombe upande wa pili, na nyasi kavu zikahifadhiwa juu. Joto la mifugo liliwasaidia wenye nyumba wakati wa baridi kali, na ghala lilikuwa hatua chache kutoka jikoni.

Vita Kuu ya Kwanza ya mwaka 1914 hadi 1918 iliua zaidi ya askari milioni 1.3 wa Ufaransa, wengi wao wakiwa vijana wa vijijini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, matrekta yakaja na viwanda vya mijini vikaita. Mwaka 1955 Ufaransa ilikuwa na mashamba yapatayo milioni 2.3. Sensa ya kilimo ya mwaka 2020 ilikuta yamebaki takriban 390,000 katika eneo la bara.

Ardhi yenyewe haikutoweka. Jirani alimnunua jirani, mashamba madogo yakaunganishwa kuwa makubwa, na mkulima mmoja akawa analima eneo lililokuwa likilisha kaya tano au sita. Alihitaji mashamba yao, lakini hakuhitaji nyumba zao. Ndivyo zilivyobaki na milango iliyofungwa.

Sababu ya pili ni mirathi. Sheria ya Ufaransa, ambayo mizizi yake ni Kanuni ya Madai ya mwaka 1804 iliyotungwa enzi za Napoléon, hairuhusu mzazi kumnyima mtoto urithi kirahisi. Mwenye mtoto mmoja lazima amwachie nusu ya mali. Mwenye wawili lazima awaachie theluthi mbili, na mwenye watatu au zaidi lazima awaachie robo tatu.

Sheria hiyo inamlinda mtoto, lakini ina upande wake mgumu. Nyumba ya babu hugeuka kuwa mali ya ndugu wanne, kisha ya wajukuu kumi na watano, mmoja yuko Lyon, mwingine Canada, na wawili hawasemezani. Ili kuuza, kwa kawaida wote wanapaswa kukubaliana. Wakati wakivutana, kigae kimoja huteleza kutoka paani, mvua huingia, na boriti huanza kuoza.

Serikali ililiona tatizo hilo. Tangu mwaka 2009, warithi wenye angalau theluthi mbili ya haki wanaweza kuiomba mahakama iruhusu mauzo hata kama wengine wanapinga. Hata hivyo, shauri huchukua muda, na mvua haisubiri hukumu.

Kwa mnunuzi, swali la kwanza si nyumba ina vyumba vingapi. Swali la kwanza ni nani mwenye nyumba, na je, wote wenye haki wamekubali kuuza?

Hatua za kununua

Ufaransa, mauzo ya nyumba hupita kwa notari, ambaye ni ofisa wa sheria aliyeteuliwa na serikali. Yeye ndiye anayechunguza hati, madeni, rehani na haki za njia, kisha kusajili mauzo. Mnunuzi na muuzaji wanaweza kumtumia notari mmoja, lakini mnunuzi ana haki ya kuweka wake, na kwa kawaida gharama haziongezeki kwa sababu wawili hao hugawana malipo yale yale.

Kinachoitwa gharama za notari hufikia kati ya asilimia 7 na 8 ya bei ya nyumba ya zamani. Sehemu kubwa ya fedha hizo haiingii mfukoni mwa notari, bali ni kodi. Asiyelijua jambo hili huanza safari akiwa tayari na pengo katika bajeti.

Kwanza pande mbili hutia saini mkataba wa awali, na mnunuzi hutoa arbuni ambayo mara nyingi ni asilimia 5 hadi 10 ya bei. Baada ya hapo mnunuzi wa nyumba ya kuishi ana siku 10 za kubadili mawazo na kurudishiwa fedha zake zote. Zamani siku hizo zilikuwa 7, zikaongezwa mwaka 2015. Muuzaji hana haki hiyo.

Mnunuzi mwenye busara huandikisha masharti ndani ya mkataba huo. Anaweza kuweka sharti kwamba mauzo yatavunjika bila yeye kupoteza arbuni iwapo benki itamnyima mkopo, au iwapo halmashauri itamkatalia kibali cha kugeuza ghala kuwa makazi. Sharti hili la ghala ni muhimu sana. Katika eneo lililotengwa kwa kilimo, ghala haligeuzwi nyumba kwa kuwa tu mwenyewe ametaka. Mipango ya ardhi ya eneo hilo lazima iruhusu.

Nyumba ikiuzwa pamoja na shamba, kuna mgeni mwingine mezani. Huyo ni SAFER, mashirika ya maeneo yaliyoanzishwa kufuatia sheria ya kilimo ya mwaka 1960. Notari hulazimika kuyaarifu, nayo huwa na miezi miwili ya kuamua kama yatanunua badala ya mnunuzi aliyekusudiwa. Lengo lake ni kuhakikisha ardhi ya kulima inabaki mikononi mwa wakulima, wakiwamo vijana wanaoanza, badala ya kumezwa na wenye fedha wanaotafuta mandhari nzuri.

Vyeti vinavyosema ukweli

Kabla ya kuuza, mwenye nyumba hulazimika kumpa mnunuzi faili la uchunguzi uliofanywa na mkaguzi mwenye kibali. Nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1949 huchunguzwa kama ina rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Jengo ambalo kibali chake kilitolewa kabla ya Julai 1997 huchunguzwa kama lina asbesto. Katika maeneo yaliyotangazwa kuwa na mchwa, cheti cha mchwa ni lazima.

Kipo pia cheti cha matumizi ya nishati, ambacho huipanga nyumba katika madaraja kuanzia A hadi G. Cheti hiki kimekuwa na uzito mkubwa miaka ya karibuni, kwa sababu tangu Januari 1, 2025 nyumba ya daraja la G hairuhusiwi kuingizwa katika mkataba mpya wa upangaji wa makazi. Zamu ya daraja la F imepangwa mwaka 2028. Anayenunua nyumba kuukuu ili apangishe, bila kusoma herufi hiyo moja, anaweza kujikuta na mali asiyoruhusiwa kuipangisha.

Jambo jingine linalowashtua wengi ni maji taka. Nyumba nyingi za mashambani hazijaunganishwa na bomba la umma, bali hutegemea tangi na mtaro wa kuchujia ardhini. Tangu mwaka 2011, muuzaji lazima aonyeshe ripoti ya ukaguzi wa mfumo huo. Ukionekana haukidhi viwango, mnunuzi ana mwaka mmoja tangu siku ya mauzo kuurekebisha, na kazi hiyo hugharimu maelfu ya euro.

Hata hivyo, vyeti vyote hivyo havimwambii mnunuzi kama paa litadumu miaka miwili au thelathini. Kwa hilo anahitaji fundi anayemlipa mwenyewe, apande darini na bisibisi mkononi, achome boriti moja baada ya nyingine. Mbao iliyoliwa na bungua kwa juu juu hutibiwa, lakini ile inayomezwa na bisibisi hadi mpini lazima ibadilishwe. Adui mbaya zaidi ni kuvu anayekula mbao penye unyevunyevu usiopata hewa. Huyu huweza kupita hata ndani ya ukuta kutafuta mbao nyingine.

Paa kwanza, jiko baadaye

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba za namna hii, ufa wa kwanza kuziba huwa juu, si ukutani. Kosa linalorudiwa na wanunuzi wengi ni kuanza na jiko na bafu kwa sababu ndiyo mambo yanayoonekana, huku maji yakiendelea kudondoka darini.

Utaratibu unaokubalika kwa mafundi wa majengo ya zamani ni huu: kwanza paa na mifereji ya maji ya mvua, pili maji yanayozunguka msingi, tatu kuta na nguzo, nne sakafu, mabomba na nyaya, tano madirisha na joto, na mwisho kabisa rangi na mapambo. Kila hatua inailinda inayofuata. Anayeruka hatua hulipa mara mbili.

Paa lenyewe hutofautiana kwa eneo. Bretagne hutumia vigae vya mawe meusi yaliyopasuliwa vibamba vyembamba. Kusini hutumia vigae vya udongo vilivyopinda kama mfereji. Sehemu za Dordogne zina mapaa ya mawe bapa yaliyopangwa tabaka kwa tabaka, mazito kiasi cha kuhitaji kenchi za mbao nene sana. Normandie zipo nyumba za nyasi ambazo hupandwa maua ya irisi kwenye mgongo wa paa, mizizi yake ishike udongo unaofunika kilele.

Utofauti huo si wa urembo tu. Unaamua bei. Fundi wa vigae vya kawaida hupatikana, lakini fundi wa mawe bapa au wa nyasi ni wachache na kazi yao ni ghali. Isitoshe, iwapo nyumba iko ndani ya mita 500 kutoka jengo la kihistoria linalolindwa, msanifu wa serikali ana sauti juu ya kila kinachoonekana kwa nje, kuanzia aina ya kigae hadi rangi ya dirisha. Ulinzi huo ulianza kwa sheria ya mwaka 1943.

Chokaa na saruji

Hapa ndipo nyumba nyingi zilipoharibiwa na watu waliodhani wanazitengeneza.

Ukuta wa nyumba ya kale ya shambani huwa na unene wa sentimita 50 hadi 80. Ni tabaka mbili za mawe, katikati kumejazwa kokoto na udongo, na vyote vimeshikwa kwa udongo au chokaa. Hauna karatasi ya kuzuia unyevu chini yake. Maji hupanda kutoka ardhini, na ukuta huyatoa taratibu kupitia chokaa. Kwa lugha ya mafundi, ukuta unapumua.

Katika karne ya 20, saruji ilipokuwa rahisi kupatikana, wengi walipiga lipu ya saruji nje na ndani wakidhani wanaimarisha. Saruji ni ngumu na haipitishi mvuke. Maji yakipanda hukosa pa kutokea, hivyo hupanda juu zaidi hadi yakute ncha za boriti zilizozikwa ukutani. Boriti huoza gizani. Wakati wa baridi maji yaliyonaswa huganda, hupanuka na kupasua mawe.

Tiba yake huanza kwa kubandua. Lipu ya saruji huchongolewa, ukuta huachwa ukauke kwa miezi, mtaro wenye kokoto huchimbwa kuzunguka nyumba ili kuyaondoa maji, ndipo hupigwa lipu mpya ya chokaa na mchanga. Kazi hii ni ya polepole. Chokaa haipendi jua kali wala baridi ya kugandisha, hivyo msimu wake ni mfupi.

Kuna habari njema kwa wakulima katika jambo hili. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990, mafundi wa Ufaransa waliokuwa wakikarabati nyumba za mbao na udongo walianza kuchanganya chokaa na vipande vya kiini cha shina la mmea wa jamii ya bangi ambao haulevyi. Mchanganyiko huo ni mwepesi, unahifadhi joto na unaacha ukuta upumue. Ufaransa ndiyo inayoongoza barani Ulaya kwa kilimo cha mmea huo, na mabaki ya shina yaliyokuwa na thamani ndogo sasa yana soko katika ujenzi.

Mafundi, ankara na kodi

Mwandishi Mwingereza Peter Mayle aliyefariki mwaka 2018 alijulikana dunia nzima kwa kitabu chake *A Year in Provence* cha mwaka 1989, kinachoeleza mwaka wake wa kwanza katika nyumba ya shamba yenye umri wa miaka 200 karibu na Ménerbes. Sehemu kubwa ya kitabu ni kuhusu mafundi wanaoanza kazi, wakatoweka, wakarudi wapendapo. Mwishoni mkewe alibuni mbinu: aliwaalika mafundi wote pamoja na wake zao kwenye sherehe ya kukamilika kwa kazi kabla ya Krismasi. Hakuna aliyetaka mkewe aone kazi aliyoiacha nusu, na kazi ikaisha.

Mbinu hiyo inachekesha, lakini sheria ya Ufaransa inatoa silaha nzito zaidi. Kila biashara iliyosajiliwa ina namba ya tarakimu 14, ambayo mteja anaweza kuihakiki. Fundi hutoa makisio ya maandishi yanayoonyesha kila kazi, vifaa na kodi. Yakishatiwa saini na pande zote mbili, yanakuwa mkataba.

Tangu sheria ya mwaka 1978, mjenzi anawajibika kwa miaka 10 kwa kasoro kubwa zinazohatarisha uimara wa jengo au kulifanya lisifae kutumika, na lazima awe na bima kwa ajili hiyo. Faida ya bima hiyo ni kwamba hata kampuni ikifungwa, mwenye nyumba bado ana pa kudai. Mnunuzi makini huomba kuona cheti cha bima kabla ya kazi kuanza, na husoma kama kinataja aina ya kazi inayofanywa. Bima ya kupaka rangi haimlindi aliyeezekewa paa.

Sheria ya mwaka 1971 nayo inaruhusu mkataba wa ujenzi uwe na kipengele cha kuzuia hadi asilimia 5 ya malipo kwa mwaka mmoja, ili kuhakikisha kasoro zilizoonekana siku ya makabidhiano zinarekebishwa. Na pale ambapo eneo la sakafu ya nyumba litazidi mita za mraba 150 baada ya kazi zinazohitaji kibali cha ujenzi, kumtumia msanifu majengo ni lazima kwa mtu binafsi.

Suala la kodi nalo lina hesabu yake. Kodi ya ongezeko la thamani nchini humo ni asilimia 20, lakini ukarabati wa makazi yaliyodumu zaidi ya miaka miwili hutozwa asilimia 10, na baadhi ya kazi za kuokoa nishati asilimia 5.5. Punguzo hilo hutolewa pale fundi anapoleta vifaa na kuvifunga mwenyewe. Mteja anayekimbilia dukani kununua vifaa vya euro 10,000 akidhani anabana matumizi, hulipa kodi ya euro 2,000 badala ya 1,000.

Hesabu kwa mfano

Chukulia nyumba inayouzwa euro 50,000. Gharama za notari kwa asilimia 8 ni euro 4,000. Paa likigharimu 30,000, maji taka 10,000, umeme na mabomba 25,000, kuta na lipu ya chokaa 20,000, madirisha na mfumo wa joto 20,000, jumla ya kazi ni euro 105,000.

Nyumba kuukuu hufichua siri zake baada ya kubomolewa kidogo, kwa hiyo lazima kuwe na akiba ya dharura. Kwa asilimia 15 ya kazi, akiba hiyo ni euro 15,750. Jumla kuu inakuwa euro 174,750.

Takwimu hizi ni za mfano tu, na kila nyumba ina zake. Lakini zinaonyesha umbo la jambo: bei iliyobandikwa mlangoni ni chini ya theluthi moja ya fedha zitakazotoka. Aliyekuja na euro 60,000 akiamini amebakiwa na 10,000 za matengenezo hakununua nyumba. Amenunua deni.

Swali la mwisho ni gumu zaidi: baada ya kutumia fedha zote hizo, nyumba itauzika kwa kiasi gani? Katika vijiji ambako nyumba zilizo tayari kuhamia huuzwa bei nafuu, mwenye kukarabati huweza kujikuta ametumia zaidi ya thamani ya soko. Kwa anayetaka kuishi humo miaka 20, huenda si hoja. Kwa mfanyabiashara, ndiyo hoja yenyewe.

Kuifanya nyumba izae

Njia mojawapo ya kurudisha fedha ni kuwapangisha wageni wa likizo, na waanzilishi wake walikuwa wakulima. Mwaka 1951, katika mkoa wa milimani uliokuwa ukiitwa Basses-Alpes, seneta Émile Aubert alisukuma wazo la kukarabati majengo ya shamba yasiyotumika ili familia za wafanyakazi wa mijini zipumzike kwa bei nafuu, na mkulima apate kipato cha pili bila kuhama kijiji.

Mwaka 1955 ukaundwa mtandao wa Gîtes de France, ambao hadi leo hukagua na kupanga nyumba hizo kwa madaraja. Mwaka 1988 wakulima wakapata mtandao mwingine, Bienvenue à la ferme, unaounganisha malazi na mauzo ya jibini, asali, mvinyo na mazao mengine moja kwa moja kutoka shambani. Mgeni analala, anakula na kuondoka na kikapu.

Anayetaka kulaza wageni ndani ya nyumba anayoishi mwenyewe ana mpaka wa vyumba 5 na watu 15, na lazima aandikishe shughuli hiyo kwa halmashauri ya kijiji. Biashara hii haiendi yenyewe. Msimu mzuri ni wiki chache za kiangazi, na kuni, usafi, kodi na matengenezo ni vya mwaka mzima. Wanaodumu ni wale wenye kipato kingine.

Wanunuzi wa Uingereza wana kikwazo kipya. Nchi yao ilipokamilisha kujitoa katika Umoja wa Ulaya mwishoni mwa mwaka 2020, walipoteza haki ya kukaa bila kikomo. Sasa asiye na kibali haruhusiwi kuzidi siku 90 katika kila siku 180. Kuwa na hati ya nyumba si kuwa na haki ya kuishi humo.

Funzo kwa mwenye jengo la zamani

Ukarabati wa namna hii haufanyiki Ulaya tu. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu iliyofuata mwaka 2001, imejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Kuta zake nazo hupumua, na lipu ya saruji huzinyonga vile vile.

Gharama ya kuchelewa nayo inafahamika. Desemba 25, 2020, sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo likishafika hatua hiyo, hata kulitengeneza ni hatari.

Kwa mkulima au mfanyabiashara anayeangalia jengo kuukuu, iwe anataka ghala, nyumba ya wageni au duka, mambo ya kushika ni machache. Hakikisha warithi wote wametia saini. Mpeleke fundi wako mwenyewe kabla ya kutoa arbuni. Pata makisio ya maandishi, na zuia sehemu ya malipo hadi kazi ikaguliwe. Tumia vifaa vinavyoendana na vile vilivyojenga ukuta. Tenga fedha za dharura kabla ya kuchagua rangi.

Na kama fedha zilizopo zinatosha kazi moja tu mwaka huu, ziende kwenye paa. Nyumba isiyovuja inaweza kumsubiri mwenyewe miaka kumi apate fedha za jiko, lakini inayovuja haitamsubiri hata misimu mitatu ya mvua.